Nyaya za ubongo wa mbele: kutoka Mathari 1938 hadi Boston 2019

Leo naweka kando seva na hifadhidata (mnaongoja sehemu ya pili ya somo la SQL, vumilieni, inakuja) niandike juu ya mtandao ambao sikufundishwa chuo kikuu: ule ulio ndani ya fuvu la kichwa.

Kilichonisukuma ni makala mbili za kisayansi. Moja ilichapishwa Marekani mwaka 2019. Nyingine ilichapishwa Uingereza mwaka 1951, na mwandishi wake alikuwa daktari aliyeisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kwa miaka 12. Zimeachana miaka 68 lakini zinagusa jambo lilelile: jinsi sehemu ya mbele ya ubongo inavyounganika na sehemu nyingine, na mtu anakuwaje muungano huo ukilegea. Ile ya 2019 inahusu wagonjwa wa skizofrenia. Ile ya 1951 inatuhusu sisi Waafrika. Wote. Wazima.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Ukimwuliza mtu hapa Silibwet skizofrenia ni nini, huenda neno asilijue, lakini ugonjwa anaujua. Atakuambia ni yule anayebishana na watu wasioonekana, anayesema redio inamtaja jina, anayedai jirani anayasoma mawazo yake. Hizo wataalamu huziita dalili chanya. Si kwamba ni nzuri! Ni chanya kwa maana ya hesabu: kuna kitu kimeongezwa ambacho wengine hawana. Dalili hasi ni upande wa kutoa. Kitu kilichokuwapo kimeondoka. Uso hauonyeshi furaha wala uchungu. Maneno yanapungua mpaka jibu la kila swali ni "ndiyo", "hapana" au "sijui". Hamu inakauka: hamu ya kuoga, ya kukaa na wenzako, ya kutafuta pesa, ya kuanza jambo lolote lile.

Nina jirani tuliyesoma naye shule ya msingi. Sitamtaja, wala sitasema boma lao liko upande gani. Alikuwa na mkono mwepesi wa kuchuna chai, kikapu chake kilijaa kabla yetu sote na alipenda kutucheka. Alipofika miaka 20 na kitu akaanza kusikia sauti. Akapelekwa hospitali, akapewa dawa, sauti zikanyamaza. Watu wakasema asante Mungu, amepona. Lakini shambani hakurudi. Hukaa kwenye kiti nje ya nyumba tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, na mama yake asipomwambia ale, hali. Basi hapo ndipo majirani walipobadilika. Alipokuwa akisikia sauti walimhurumia. Alipobaki kimya wakamwita mvivu. Kuna mzee aliyesema mbele yangu, pale kituo cha kupimia majani, kwamba dawa yake ni jembe na fimbo.

Mzee yule hakuwa na ubaya. Hakuwa na jina la kile alichokiona, akatumia jina alilokuwa nalo. Tatizo ni kwamba hata hospitali hazijui la kufanya sana. Dawa tulizo nazo zinatokana na safari iliyoanza Paris mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker walipowapa wagonjwa klorpromazini, na tangu hapo zimesaidia sauti kuliko zinavyosaidia ukimya. Na ukimya ndio unaomnyima mtu kazi, ndoa na nafasi kwenye kikao cha kokwet.

Wazo kwamba ugonjwa huu ni wa miunganiko ni la zamani kuliko kompyuta. Mjerumani Carl Wernicke, katika miaka ya 1890, alifikiri kwamba wazimu unaweza kutokea sehemu za ubongo zikiachana, kila moja ikifanya kazi peke yake. Emil Kraepelin, ambaye ndiye aliyeutenga ugonjwa huu na mingine, aliufananisha na okestra iliyopoteza kiongozi. Wapigaji wapo, ala ziko sawa, lakini hakuna wa kuwaunganisha. Halafu mwaka 1908 Mswisi Eugen Bleuler akalileta jina lenyewe, skizofrenia, kutoka maneno ya Kigiriki ya kupasuka na akili. Kwake kiini cha ugonjwa hakikuwa sauti. Kilikuwa kulegea kwa kamba zinazofunga wazo moja na jingine, na kupoa kwa hisia. Yaani babu wa fani hii aliona upande wa kutoa ndio mzito. Lakini hakuna kati yao aliyekuwa na njia ya kuiona kamba hata moja ikiwa imelegea ndani ya mtu aliye hai. Walikuwa wakikisia mchoro wa mtandao kwa kusikiliza malalamiko ya watumiaji.

Sasa twende Nairobi, maana huku ndiko wazo hilo lilikoharibika.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Wagonjwa walitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Katika miaka ya 1930 daktari aliyekuwa akiitembelea, H. L. Gordon, alishikwa na imani kwamba akili ya Mwafrika wa Kenya ina kikomo cha kuzaliwa nacho. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha jijini chama cha kile walichokiita kuboresha mbari. Ushahidi walioupenda sana ulitoka kwa F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya serikali. Vint alichukua bongo za maiti za Waafrika, akazipima uzito, akazikata vipande na kutazama seli chini ya hadubini. Mwaka 1932 aliandika kuhusu seli za sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, na mwaka 1934 akachapisha matokeo mapana zaidi katika jarida la anatomia la Uingereza. Uzito wa wastani, alisema, ni gramu 1,276, dhidi ya gramu 1,428 za Mzungu. Tofauti ya kama asilimia 10.

Mtu yeyote aliyewahi kusafisha data anajua maswali ya kuuliza hapo. Waliokufa walikuwa na urefu gani? Walikula nini utotoni? Waliugua nini, kwa muda gani, na maiti ilikaa saa ngapi kabla ya kupimwa? Na zile gramu 1,428 zilipimwa na nani, wapi, kwa mizani gani, kwa watu waliokufa kwa nini? Ukubwa wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, na njaa ya utotoni huacha alama. Kulinganisha majedwali mawili yaliyokusanywa kwa njia mbili tofauti ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatwa alama. Wizara ya Makoloni kule London haikukubali kutoa fedha za uchunguzi mkubwa wa ubongo wa Mwafrika ambao Gordon na wenzake waliuomba. Lakini namba zikabaki vitabuni, na namba iliyochapishwa haifi upesi.

(Mwaka uleule wa 1934 serikali ya koloni ilitunga sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai katika nchi yetu ya Wakipsigis na kuwapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Si mada ya leo. Nataja tu ili msomaji ajue wenye nchi wakati huo walikuwa wakiwatazama watu wa huku kwa jicho gani.)

Mwaka 1938 Mathari ikapewa J. C. Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini, akasomea udaktari London, akaja Kenya mwaka 1929 kama daktari wa kawaida. Alipopewa hospitali ya wagonjwa wa akili hakuwa na mafunzo ya fani hiyo, aliyapata baadaye. Simlaumu kwa hilo. Koloni lilikuwa na madaktari wachache na kila mtu alifanya alichopewa. Tena alikuwa mtu wa kuweka hesabu. Mwaka 1947 alichapisha uchambuzi wa wagonjwa Waafrika waliopokelewa Mathari wakati wa vita, na akaona mambo mawili: waliopokelewa ni wachache mno wakilinganishwa na Ulaya, na walioajiriwa mbali na kwao wanaletwa zaidi ya wale waliobaki vijijini. Akahitimisha kwamba wazimu ni haba kwa Mwafrika aliye nyumbani, na kwamba ni maisha ya kisasa yanayomvuruga.

Hebu tuisome hiyo kama tunavyosoma kumbukumbu za seva. Kumbukumbu hazikuambii kilichotokea. Zinakuambia kilichoandikwa. Chukua mchuna chai anayelala kwenye nyumba za laini katika mojawapo ya mashamba makubwa yaliyoanzishwa Kericho miaka ya 1920. Akipiga kelele usiku, nyapara anasikia, meneja anaambiwa, polisi wanaitwa, na safari ya Nairobi inaanza. Sasa chukua ndugu yake aliyebaki kijijini, ambaye hapigi kelele. Ameacha tu kuongea. Ameacha kwenda kuchunga. Nani atampeleka Mathari, kwa gari gani, na kwa nini? Huyo haingii kwenye jedwali la Carothers kamwe. Mwenye dalili hasi peke yake, asiyemsumbua mtu, alikuwa haonekani kabisa kwa mfumo ule. Halafu daktari akatazama jedwali lisilo na watu wa kimya, akasema ugonjwa haupo.

Ukimya, hata hivyo, aliuona. Aliuona mahali pengine.

Ili uelewe ilikuwaje, lazima nikurudishe Ulaya kidogo. Novemba 1935, Lisbon, Mreno Egas Moniz alianza kuwapasua wagonjwa wa akili na kuharibu nyuzi zinazounganisha ubongo wa mbele na sehemu za ndani. Mwaka uliofuata Walter Freeman na James Watts wakaichukua operesheni hiyo Marekani, na mwaka 1949 Moniz akapewa tuzo ya Nobel. Maelfu walikatwa. Wengi walitulia kweli, lakini tazama walivyotulia: hawakupanga kesho, hawakujali leo, walikaa walipowekwa. Kwa maneno ya sasa, watu waliokuwa na dalili chanya walitengenezewa dalili hasi kwa kisu. Ni ushahidi wa kusikitisha, lakini ni ushahidi: hamu ya mtu ya kufanya jambo inategemea nyaya zinazotoka kwenye ubongo wa mbele.

Carothers alizisoma habari za wagonjwa hao, na katika makala yake ya 1951 akasema kwamba tabia za Mzungu aliyefanyiwa operesheni ile zinafanana mno na tabia za Mwafrika. Kutopanga mbele, kutojituma bila kusukumwa, hisia zisizofungwa pamoja na nia. Maelezo yake yakawa kwamba Mwafrika hautumii ubongo wake wa mbele ipasavyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na wazo hilo limo. Hakuwa na picha hata moja ya ubongo ulio hai. Alikuwa na wagonjwa wake, maandishi ya walowezi na wasafiri, na vipimo vya watu kama Vint.

Soma tena ile orodha. Asiyejituma, asiyepanga, asiyeonyesha hisia, anayejibu kwa neno moja. Ni orodha ya dalili hasi ikiwekwa juu ya bara zima. Na ilitoka kwa watu waliotazamwa wapi? Wodini, nyuma ya ukuta, mbele ya daktari Mzungu, mara nyingi kupitia mkalimani. Au shambani, wakifanya kazi ambayo faida yake haikuwa yao. Mtu wa namna hiyo asipojituma kwa ajili ya bwana shamba, je, hilo ni tatizo la nyaya? Bibi zetu wangemjibu vizuri sana, kama angewauliza kwa lugha yao.

Hadithi haikuishia kwenye majarida. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto serikali ya Kenya ilimwomba Carothers aeleze kilichowapata Wakikuyu, na kijitabu chake kikatolewa na mpiga chapa wa serikali, Nairobi, mwaka 1954. Uzito aliuweka kwenye saikolojia ya watu walionaswa kati ya mila na maisha mapya, na aliunga mkono kuwakusanya watu katika vijiji. Kuanzia mwaka huohuo zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji hivyo, kwenye ulinzi. Sisemi Carothers ndiye aliyevijenga. Nasema nadharia mbovu ya ubongo ilipata mteja mwenye jeshi.

Waliomjibu walikuwapo. Thomas Lambo, daktari wa akili kutoka Nigeria, alizikataa nadharia hizi akiwa na wagonjwa wake mwenyewe wa kuonyesha. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili Algeria, alimtaja Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1961, pamoja na madaktari Wafaransa waliosema mambo hayohayo kuhusu Waalgeria. Baada ya uhuru hoja ya ubongo wa mbele wa Mwafrika ilikufa kimyakimya. Shida ni kwamba ilipokufa ilibeba na wazo zuri. Kwa muda mrefu ilikuwa aibu kuzungumzia ubongo wa mbele na akili katika sentensi moja, na kisu cha Moniz nacho kilikuwa kimewatia watu hofu.

Wazo likafufuliwa na mashine. Na ya kwanza ina mkono wa Afrika ndani yake: Allan Cormack, mwanafizikia wa Cape Town, alianza kufikiria hesabu za kujenga picha ya ndani ya mwili kutokana na miale ya eksirei alipokuwa akihudumu hospitali ya Groote Schuur mwaka 1956. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, Uingereza (ndiyo, ile ya santuri), akaijenga mashine, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo mwaka 1971. Wote wawili walipata Nobel mwaka 1979. Mwaka 1976 Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao walipitisha wagonjwa wa skizofrenia wa muda mrefu kwenye mashine hiyo, wakakuta vyumba vya maji ndani ya ubongo vimepanuka kuliko kawaida. Mwaka 1980 Crow akapendekeza kwamba upande wa sauti na upande wa ukimya huenda ni michakato miwili tofauti. Nancy Andreasen, Marekani, akatengeneza kipimo cha dalili hasi, swali kwa swali. Ukimya ukapata namba.

Kisha mwaka 1990 Seiji Ogawa alionyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kufuatilia oksijeni katika damu ya ubongo. Alikuwa Bell Labs! Palepale palipozaliwa transista na Unix. Ubongo unapofanya kazi mahali fulani, damu huongezeka hapo, na mashine inaona. Mwaka 1995 mwanafunzi Bharat Biswal na wenzake kule Wisconsin walitazama kitu ambacho wengine walikihesabu kuwa kelele tu: mawimbi ya polepole yanayoendelea mtu akiwa amelala ndani ya mashine bila kufanya chochote. Wakakuta sehemu za kushoto na kulia zinazoendesha mikono hupanda na kushuka pamoja, ingawa mikono imetulia.

Kwa sisi wa mitandao hili ni tamu sana. Fikiria umepewa seva 100, huna mchoro wa nyaya, huruhusiwi kuingia chumba chao. Unachopata ni kipimo cha shughuli za kila seva kila baada ya sekunde 2. Unakusanya kwa dakika kadhaa, halafu kwa kila jozi unauliza: je, hizi mbili hupanda na kushuka pamoja? Seva 100 zina jozi 4,950. Unapata jedwali, na jedwali hilo ndilo linaloitwa ramani ya miunganiko. Mwaka huohuo wa 1995, London, Karl Friston na Chris Frith waliuliza waziwazi kama skizofrenia ni ugonjwa wa kutounganika. Wernicke alikuwa amerudi, safari hii akiwa na data.

Lakini angalia ramani hiyo isikudanganye. Kupanda pamoja si kuunganishwa. Mwezi wa bonasi ya chai maduka yote ya Silibwet hujaa siku moja, la viatu na la mabati, na hakuna aliyempigia mwenzake simu. Tena mashine ni nyepesi kudanganyika. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu, na bila kurekebisha hesabu za majaribio mengi kwa pamoja, ubongo wake ukaonekana kufanya kazi. Samaki alikuwa amekufa! Na mwaka 2012 vikundi kadhaa vilionyesha kwamba mtu akitikisa kichwa hata kidogo, miunganiko ya mbali huonekana dhaifu na ya karibu huonekana imara. Wagonjwa hutikisika zaidi ya wazima. Kwa hiyo sehemu ya "kutounganika" iliyowahi kuripotiwa huenda ilikuwa shingo tu.

Ndiyo maana makala ya 2019 ilinikalisha kitako. Roscoe Brady na wenzake, Boston, hawakuchagua mapema mahali pa kutazama. Walichukua wagonjwa 44, wakaiachia hesabu ipite ubongo mzima ikitafuta ni miunganiko ipi inayokwenda sambamba na ukali wa dalili hasi. Jibu lilikuwa kati ya ubongo wa mbele upande wa kulia na ubongo mdogo, ule ulio kisogoni, katikati yake. Muungano ulivyokuwa dhaifu ndivyo dalili hasi zilivyokuwa kali. Ubongo mdogo! Vitabu vya shule vinausifu kwa kusimamisha mwili usianguke. Lakini tangu miaka ya 1990 Jeremy Schmahmann amekuwa akisema kwamba unapanga mawazo kama unavyopanga mwendo, na Andreasen naye alikuwa ameushuku katika skizofrenia.

Wangeweza kuishia hapo na kuchapisha. Badala yake walichukua kundi jingine la wagonjwa 11, baadhi wakapewa mapigo ya sumaku juu ya kisogo, wengine wakapewa ya uongo, kisha wakapimwa tena. Muungano ulipoimarika, dalili hasi zilipungua, na kadiri ulivyoimarika ndivyo zilivyopungua. Watu 11 ni wachache. Hakuna daktari atakayekuandikia tiba kwa watu 11, na mimi sikuandikii pia. Ninachokipenda ni kwamba walibashiri, wakagusa waya waliousema, wakakubali kwamba ungeweza kukataa. Carothers hakuwahi kuweka dau lake mahali ambapo angeweza kushindwa.

Hata hivyo upande mmoja wa jedwali lile unanipa wasiwasi, na si upande wa mashine. Ramani ya miunganiko inalinganishwa na alama za dalili hasi, na alama hizo zinatolewa na mtu anayemtazama mtu. Katika kipimo cha Andreasen kuna kipengele cha kutomtazama mwenzako machoni. Sasa mlete kijana aliyelelewa huku kwetu, umketishe mbele ya daktari mwenye mvi. Atatazama chini. Atajibu kwa ufupi, hatapaza sauti, hataanzisha mazungumzo. Hiyo ndiyo adabu aliyofundishwa tangu akiwa mdogo, na akitoka nje ya mlango utamsikia akicheka na wenzake mpaka barabarani. Asiyejua atampa alama 3 za ugonjwa. Asiyejua wa mwaka 1951 alimpa jina la mtu aliyekatwa ubongo. Na kosa linaweza kwenda upande wa pili vilevile: daktari akihesabu kila ukimya kuwa ni heshima, jirani yangu wa kwenye kiti atarudishwa nyumbani bila kuandikwa popote.

Picha nyingi za miunganiko ya skizofrenia zilizo kwenye hifadhidata za dunia ni za watu wa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki. Kwetu kazi kubwa iliyofanyika karibuni ni ya jeni. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis ulianza kuandikisha watu mwaka 2018 katika Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, lengo likiwa watu 34,000, nusu wakiwa wamewahi kuugua magonjwa ya aina hii na nusu hawajawahi. Kwa Kenya vituo vyake vilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na watafiti wa KEMRI kule Kilifi. Haukupiga picha za ubongo. Ulichukua mate kwa ajili ya DNA na ukauliza maswali, na fomu zake zilitafsiriwa, Kiswahili kikiwamo. Kabla ya kutoa mate mtu aliulizwa maswali mafupi ya kupima kama ameelewa anachokikubali. Asiyeelewa alielezwa upya, na aliyeshindwa hata baada ya kurudiwa hakuandikishwa.